Jokofu la Bulaya

Siku hizi Bukavu mtu hanunui kitu, anahubiriwa. Ukifungua simu asubuhi kuangalia kama kuna msiba au harusi, kwanza utapita kwenye viatu, mawigi, betri za jua, dawa ya kuotesha ndevu, na kijana mmoja anayepiga kelele kana kwamba nyumba inaungua, kumbe anauza pasi. Ukizima simu na kutoka barabarani, kelele zilezile zinakupita juu ya pikipiki, ndani ya kipaza sauti. Watu wamezoea. Wengine husema biashara isiyopiga kelele imekufa. Lakini waliotutangulia walituachia neno: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba kitu chema hakimfuati mtu, watu ndio hukifuata. Chenye kasoro ndicho huzunguka mitaani kikitafuta wa kukiokota. Séraphine Nsimire aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na aliwahi kuiandikia insha akasifiwa mbele ya darasa. Kuijua methali na kuiamini ni mambo mawili.

Séraphine aliuza samaki barazani kwake, katika mtaa wa Kasha. Alfajiri alishuka ziwani kupokea sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, na tilapia kutoka kwa wavuvi, akapanda nao, na kabla jua halijawa kali beseni lilikuwa limebaki na maji matupu. Hakuwa na kibao. Hakuwa na ukurasa wa Facebook. Hakuwahi kumwita mtu. Wateja walikuja wenyewe, hata Maman Clémence, mwenye mkahawa mdogo jirani na parokia, mwanamke ambaye hata maji ya kunywa huyatafutia kosa. Wapangaji wapya wakiuliza wapate wapi samaki, waliambiwa, "Kwa Séraphine. Funga macho, nunua." Mume wake alikuwa machimboni huko Shabunda, na salamu zake zilikuja mara chache kuliko mvua ya kiangazi. Kwa hiyo jina hilo zuri ndilo lililoilisha nyumba na kumlipia masomo binti yake, Aimée, aliyekuwa chuo kikuu. Séraphine hakuwa na mtaji mwingine.

Shida yake ilikuwa mwezi. Wavuvi wa Ziwa Kivu huvua sambaza gizani, kwa taa. Mwanga wa taa ndio unaowapandisha samaki juu. Mbalamwezi ikitanda, sambaza hawana haja ya taa ya mtu, na wavuvi hubaki nyumbani wakishona nyavu. Mwaka huo sikukuu ya Komunyo ya kwanza iliangukia mwezi mpevu. Nusu ya Kasha ilikuwa na mtoto wa kuvikwa nguo nyeupe, na kila mzazi alitaka sahani ya samaki mbele ya wageni. Walimwendea Séraphine, naye akawaitikia wote. Ili ahadi hizo zisimwaibishe, ilimbidi anunue samaki mapema, kabla mwezi haujajaa, na awe na mahali pa kuwagandisha. Alihitaji jokofu.

Kwanza alikwenda Nyawera, kwa muzee Stanislas, ambaye duka lake la vyombo vilivyotumika lina giza na halina jina mlangoni. Hapa lazima nieleze jambo moja, maana mgeni hatatuelewa. Bukavu kitu kipya hutiliwa shaka. Ukisema jokofu ni jipya, mnunuzi anakunja uso: jipya maana yake ni bandia, litakufa kabla ya Pasaka. Lakini lile lililokaa miaka jikoni kwa mzungu, likakwaruzwa, likapata kutu kidogo pembeni na harufu ya jibini, hilo ndilo "occasion ya Bulaya". Bulaya ni Ulaya, na Ulaya, kwa imani yetu, haidanganyi. Ndiyo maana wanawake wenye akili timamu hupita mbele ya vitu vinavyong'aa na kwenda kupigania vilivyochubuka.

"Niko nayo moja," Stanislas alisema bila kuinuka kitini. "Lakini haijanifurahisha."

"Iko na shida gani, papa?"

"Sijue bado. Nimeijaza maji, yakaganda, halafu nikakata courant ya umeme. Rudia kesho jioni. Kama barafu iko, tutaongea. Kama hakuna, hakuna maneno."

"Miye niko na haraka. Komunyo iko karibu."

"Barafu haijue Komunyo," mzee akajibu, na akarudi kwenye redio aliyokuwa akiifungua kwa bisibisi.

Séraphine alitoka amevimba. Njia nzima ya kurudi Kasha alikuwa akisema peke yake: huyu mzee anauza au anachunga? Mteja amekuja na akiba yake mkononi, anaambiwa arudi kesho! Nyumbani alimkuta Aimée amelala chali, simu juu ya uso, na simu ilikuwa ikipiga kelele.

"Batu ya Bukavu! Bulaya imeshuka!" Ilikuwa sauti ya Blanchard, kijana mwenye shati la kumetameta na meno mengi, aliyekuwa akiuza majokofu kwenye Facebook. "Congélateur ya Ubelgiji! Ilitumika na maman muzungu moja, mupole, hakuna watoto! Courant ikienda, yeye anabaki na baridi yake! Leo unaita, leo tunaleta, transport ya bure!"

"Mama, angalia," Aimée alisema. "Batu wengi wameandika merci."

Séraphine aliangalia. Majokofu yalikuwa yamekwaruzwa vizuri. Moja lilikuwa na karatasi iliyobandikwa mlangoni, yenye maneno marefu ya Kizungu ambayo hata Aimée hakuweza kuyasoma, na hilo ndilo lililompendeza zaidi. Alimpigia Blanchard. Blanchard aliitika kabla simu haijalia vizuri, akamwita "maman yangu", akamuuliza habari za watoto. Jua halijazama, jokofu lilikuwa limefika juu ya pikipiki ya magurudumu matatu, muziki ukilia hadi majirani wakatoka kuona nani anaolewa.

Waliliteremsha barazani, akalipa. Waya wake ulikuwa bado umefungwa kwa utepe wakati Blanchard alipotoa simu yake na kuinyoosha mbele ya uso wa Séraphine.

"Maman, semea batu maneno kidogo. Weye banakuamini. Ukisema weye, Kasha nzima imesema."

Ni nani asiyependa kuambiwa hivyo? Séraphine alivishwa kilemba cha ukoka naye akakiona cha hariri. Tena, kwake, kukisifu kitu kilichofika nyumbani ilikuwa ni adabu, kama unavyomsifu mtoto mchanga hata kabla hujafunuliwa uso wake. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akasimama wima.

"Miye niko Maman Séraphine wa Kasha," alisema. "Munanijua. Samaki yangu munaijua. Hii congélateur iko muzuri sana. Njoni munune... munune..." Akacheka. "Munasikia! Mununue!"

"Formidable!" Blanchard akapiga makofi. Alichukua picha za kilichoko na za kisichokuwako, akapanda pikipiki, akaondoka na muziki wake.

"Lakini mama," Aimée alisema kimya kiliporudi, "umesema iko muzuri. Hatujaiwasha."

"Kijana ametuletea mpaka mlangoni, ulitaka nimutukane?"

Video ilienea kuliko homa. Kile kicheko cha Séraphine kiliwapendeza watu. Waliitumiana kutoka simu hadi simu, kutoka Kasha hadi ng'ambo ya Mumosho. Njiani watoto walimpokea kwa "Munasikia! Mununue!" naye alitembea kifua mbele. Mjane mmoja aliyeitwa Domitille, aliyesali naye katika shirika moja, yaani jumuiya ndogo ya Kanisa inayokutana nyumba kwa nyumba kila juma, alimuuliza, "Ni kweli, dada? Niuze mbuzi yangu ninunue?" Domitille alitengeneza yoghurt na kuwauzia wanafunzi. Séraphine alimjibu bila kumeza mate, "Nunua." Jokofu lilikuwa limewaka, linanguruma, lilikuwa na ubaridi wake. Courant ilikuwapo juma lile. Courant ikiwapo, ni jokofu gani lisilosifiwa?

Mwezi ulianza kunenepa. Séraphine alinunua sambaza wa mwisho mwisho na tilapia wazuri, wenye macho ya kung'aa, akawapanga tabaka kwa tabaka, akafunika. Alimshukuru Mungu. Kisha, Komunyo ikiwa imebaki siku chache, courant ilikatika Kasha, kama inavyokatika siku zote, bila kuaga.

Hakushtuka. Si waliambiwa jokofu hili hubaki na baridi yake? Alikataza mtu yeyote kulifunua. Asubuhi ilipita, adhuhuri ikapita. Alipoona maji mekundu yakitoka chini na kutambaa sakafuni kuelekea mlangoni, alipiga mbio kwenye jokofu. Alifunua. Tabaka la juu lilikuwa limelainika kama ndizi iliyoiva, na hewa iliyompiga usoni ilikuwa vuguvugu.

"Ee Nyamuzinda!" alimlilia Mungu kwa lugha ya mama yake. "Aimée! Ita ule kijana!"

Aimée alipiga. Simu ya Blanchard iliita ikakatika, ikaita ikakatika. Aliyekuwa akiitika kabla mlio haujaisha sasa alikuwa bubu. Lakini kwenye statut yake ya WhatsApp alikuwa mzima kabisa: dakika ileile aliweka video mpya, na ndani yake alikuwa Séraphine, kitenge chake kilekile, akicheka, akiwaambia watu wote waliomjua kwamba jokofu ni zuri sana. Séraphine alijitazama akicheka mpaka video ikaisha. Kisha akageuza uso wake ukutani.

Kesho yake ilikuwa mkesha wa Komunyo, na courant ilikuwa haijarudi. Samaki wa juu walikwisha kuharibika bila ubishi. Wa chini walikuwa katika ile hali ambayo mtu mwaminifu huita mbovu na mtu mwenye shida huita "bado kidogo". Séraphine alikuwa mwaminifu maisha yake yote, lakini siku hiyo alikuwa na shida. Aliwaosha kwa chumvi na ndimu, akawapanga beseni, wazuri juu, akafunika kwa majani ya mgomba. Waliomwagiza wangetaka kuchagua samaki mmoja mmoja barazani, na mwanga wa baraza lake ulikuwa mwingi mno. Akaamua kuwafuata walioko mbali kidogo, wanaonunua haraka wakiwa na shughuli. Alijitwika beseni kichwani, akatoka.

"Samaki! Samaki muzuri! Bei ya chini!"

Sauti hiyo aliisikia kama ya mtu mwingine. Hakuwahi kuitumia. Wanawake waliokuwa wakianika nguo nyeupe za watoto walisimamisha mikono, wakamtazama, wakatazamana. Mmoja alimwambia ana samaki tayari, na wote wawili walijua kwamba hana. Mwingine aliuliza bei, akasikia ilivyo chini, akasema atarudi. Alipanda, akateremka, shingo ikimuuma, akiita kwa nguvu zaidi kila alipokosa, mpaka akajikuta mbele ya mkahawa wa Clémence. Clémence alikuwa mlangoni akimenya viazi. Hakutazama beseni. Alitazama miguu ya Séraphine iliyojaa vumbi.

"Séraphine. Tangu lini samaki yako inatembea?"

"Nimeona nikusogezee, Maman Clémence. Sikukuu iko kesho, uko na kazi mingi."

"Kazi mingi niko nayo kila siku. Na kila siku ninakuja kwako."

"Angalia kwanza, nifunue..."

"Usifunue," Clémence alisema, na akarudisha macho kwenye viazi vyake. "Kama ingekuwa muzuri, ningeikuta kwako."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angemtukana. Séraphine alisimama pale na mzigo wake kichwani, aibu ikimpanda kutoka miguuni, na kwa mara ya kwanza alijiona kama wengine walivyomwona: mwanamke anayezunguka na kitu ambacho watu hawakukihitaji, akipaza sauti ili wasikitazame vizuri. Pikipiki yenye kipaza sauti ilipita kando yake ikitangaza Bulaya. Ni beseni langu tu, alifikiri, ila la huyu lina injini.

Alirudi nyumbani. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akawafukia samaki wote pamoja na majivu, wale wabovu na wale wa bado kidogo, huku akilia kwa sauti, wala hakujali nani anamsikia. Halafu alipita kwa wale aliowaahidi, nyumba kwa nyumba, akawaambia hakuna samaki. Wengine walimpa pole. Wengine walimuuliza kwa nini basi aliitika. Watoto wa Kasha walipokea Komunyo, wageni wakala maharage, na jina la Séraphine likaliwa pamoja nayo.

Jumatatu aliamua kuliosha jokofu, maana harufu ilikuwa imeingia hadi kitandani. Alichukua sabuni na nyuzi za kusugulia sufuria, akaanza mlangoni. Kutu iliyokuwa pembeni ilitoka kwa mkono mmoja. Ilikuwa rangi ya kupaka. Akasugua tena. Weusi uliokuwa umelizunguka bawaba ulikuwa masizi, ukaenda na maji. Ile karatasi ya maneno marefu ilivimba, ikajikunja, ikaanguka, na chini yake kulikuwa na bati jeupe lililo laini, halijawahi kuguswa. Kadiri alivyosugua ndivyo jokofu lilivyozidi kuwa jipya. Mikwaruzo ilikuwa ya msasa, yote ikielekea upande mmoja. Aligonga ubavu kwa kidole, ukalia kama mkebe wa nyanya.

"Aimée," aliita kwa sauti ndogo, "njo uone. Hii kitu haijafika Bulaya hata siku moja."

Aimée alitazama, akacheka kwa bahati mbaya, akaona uso wa mama yake, akajiziba mdomo. Watu wengine hupaka rangi kitu kikuukuu kiwe kipya. Hapa kwetu, kwa vile tunajua mno, mtu alikuwa amekaa ghalani na msasa akikizeesha kipya, ili sisi wajanja tukipende.

Walikuwa bado wameduwaa pale Domitille alipoingia, mkononi ana kopo la yoghurt lililovimba mfuniko. Hakuketi.

"Yote imeoza," alisema. "Yote. Na mbuzi imeenda."

"Dada, hata mimi..."

"Hapana, sikiliza. Miye sikumujua Blanchard. Sikununua congélateur. Nilinunua sura yako." Aliweka kopo juu ya jokofu jeupe, akatoka.

Maneno hayo yalimchoma Séraphine kuliko samaki wote waliofukiwa. Samaki walikuwa hasara yake. Domitille alikuwa hasara ya mwingine, na sura iliyomtia hasarani ilikuwa bado inacheka kwenye simu za watu. Aimée aliandika chini ya video kwamba jokofu limekufa na samaki wameoza. Maneno yake yalifutwa kabla hajatoka ukurasani. Akaandika tena, akafungiwa. Lakini yalimfikia mwenyewe, kwa sababu jioni hiyo Blanchard alikuja na gari, amebeba soda za mama na za binti.

"Maman yangu," alisema, "kwa nini kupiga kelele? Shida kidogo, tunamaliza kati yetu. Nitakuletea ingine. Ile ya kweli. Iko kwangu nyumbani, ninaitumia miye mwenyewe, niliinunua kwa muzee Stanislas ku Nyawera."

Séraphine alimtazama. "Yeye alikupigia simu?"

"Nani, Stanislas?" Blanchard akacheka. "Yule haite mutu. Alinirudisha mara mingi mpaka nikachoka. Lakini congélateur yake, maman, hata courant ipotee kesho na kesho kutwa, nyama iko jiwe."

Alikuwa ameisema ile methali mwenyewe, kwa mdomo wake, wala hakujisikia.

"Na unataka nini?"

"Kintu kidogo tu. Video ya pili. Unasema: nilipata shida kidogo, Blanchard alinihurumia, akanibadilishia. Basi. Batu banakupenda."

Séraphine alizitazama zile soda. Nisimpake mafuta: alilitaka jokofu lile. Mwezi mpevu mwingine ungekuja, karo ya Aimée ingekuja, na hapa palikuwa na jokofu la kweli likibisha hodi, bei yake maneno machache na tabasamu.

"Na Domitille?" aliuliza.

"Domitille iko nani?"

"Ule mujane wa yoghurt. Alinunua kwa sababu yangu."

"Ah, maman," Blanchard alisema kwa upole. "Yule hakuna mutu anamujua."

Séraphine aliinuka, akazikusanya soda, akamrudishia mikononi moja moja. "Rudi na gari yako," alisema. "Na sura yangu uitoshe mule."

Sura haikutoka. Blanchard alikuwa na nyingine za kuweka, lakini ile ilikuwa inauza. Basi Alhamisi shirika lilipokutana, baada ya Neno na sala, wakati wa matangazo, Séraphine alisimama. Nyumba ilikuwa imejaa. Clémence alikuwapo karibu na mlango, na Domitille alikuwa ameketi nyuma kabisa, akitazama mikono yake.

"Munaijua video yangu," Séraphine alisema. "Siku ile nilisema congélateur iko muzuri. Ilikuwa haijawashwa. Waya ilikuwa bado imefungwa. Sikujua kintu, nikasema ninajua, kwa sababu walinisifu. Ilikufa, samaki ikaharibika. Na juzijuzi, ile samaki yenye kuharibika niliitembeza hapa mtaani nikitaka kuwauzishia. Mungu alinisaidia, mukakataa. Domitille alipoteza mbuzi yake kwa mdomo wangu. Nitamufanyia nini, sijue bado. Lakini musinunue sura yangu tena."

Mtu mmoja aliguna kwamba mambo mengine mtu huficha moyoni mwake. Clémence alimwambia anyamaze. Domitille alijifunika kitenge akaondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Habari ile haikuwa na muziki wala picha, lakini ilisafiri. Ilipita visimani, ikapita sokoni, ikapanda pikipiki ikashukia Nyawera. Wanawake walianza kugonga mbavu za majokofu kwa vidole na kuomba maji na kitambaa kabla ya kulipa. Watu walivyozidi kupungua kwa Blanchard, ndivyo kipaza sauti kilivyozidi kuongezewa sauti, mpaka siku moja ukurasa ukabadilishwa jina na kuanza kuuza dawa ya kupunguza tumbo.

Mwezi ulikonda. Taa za wavuvi zilirudi ziwani. Séraphine alishuka alfajiri, akapokea sambaza wachache kadiri alivyoweza, akapanda, akaketi barazani kwake. Jua lilichomoza. Hakuja mtu. Wapita njia walimwamkia, wakapita.

"Mama," Aimée alisema, "niweke photo moja tu ku statut?"

"Hapana."

"Basi tuzungushe kidogo, hapo barabarani tu. Leo iko ya kweli."

"Kama iko ya kweli, ikae."

Alisema hivyo, lakini alikuwa na hofu. Jua lilikuwa linapanda, samaki hawangoji, na miguu yake ilimwasha kutaka kuinuka. Alikifunga kitenge chake vizuri, akabaki alipo. Kivuli cha paa kilikuwa kimefika karibu na beseni pale mtu alipoingia uani. Alikuwa Domitille, na sahani mkononi.

"Iko ya leo?" aliuliza.

"Iko ya leo."

Domitille aliinama. Hakufumba macho: alimwinua samaki mmoja, akamgeuza, akamnusa, akamwinua wa pili, akanusa tena. Séraphine alipomjazia sahani hakutaka malipo, lakini Domitille aliyaweka ukingoni mwa baraza na kusema, "Ile ya mbuzi tutaiongea. Hii iko samaki." Akaondoka akipita katikati ya mtaa, sahani haikufunikwa, mbele ya watu wote waliojua alichopoteza na kwa mdomo wa nani.

Hakumwambia mtu lolote. Haukupita muda mrefu jirani wa kwanza akaja na bakuli lake, akafuatwa na wa pili, na Clémence akatokea mwisho kabisa, akilalamika kwamba wamemwachia wadogo. Beseni lilikauka bila Séraphine kufungua kinywa chake kuita mtu, na huo ndio ushahidi ambao hakuna simu iliyourekodi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.